Gunia la Ngano Katika Kambi za Tindouf

Tangu mwishoni mwa mwaka 1975, Wasaharawi walipoanza kuihama nchi yao ya Sahara Magharibi kwa sababu ya vita, maelfu kwa maelfu wamekuwa wakiishi katika kambi zilizo karibu na mji wa Tindouf, kusini-magharibi mwa Algeria. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mapigano ya Polisario na Morocco, juu ya ukuta wa mchanga uliojengwa jangwani, na juu ya kusimamishwa kwa vita mwaka 1991 na kuvunjika kwa mapatano hayo mwezi Novemba 2020. Leo twapenda kulitazama jambo jingine, ambalo huenda askari wetu wakaliona dogo kabla ya kulisikia habari zake, nalo ni unga wa ngano uliomo katika mgao wa wakimbizi hao.

Mwaka 1999 jarida la kitabibu la The Lancet lilitoa matokeo ya uchunguzi wa madaktari kutoka Italia, waliopima damu ya watoto 990 wa Kisaharawi. Asilimia 5.6 ya watoto hao walionekana kuwa na ugonjwa uitwao siliaki. Huko Ulaya kiasi cha mtu mmoja katika mia ndiye aliye nao. Madaktari walikuwa hawajapata kuona hesabu kubwa kama hiyo katika taifa lolote duniani.

Ugonjwa huu hauambukizi, wala hauletwi na uchafu. Ndani ya ngano, shayiri na ile nafaka ya Ulaya iitwayo rai, mna utomvu ambao huufanya unga ushikamane unapokandwa. Wataalamu huuita gluteni. Kwa watu wengi kitu hiki hakina madhara. Lakini kwa mgonjwa wa siliaki, walinzi wa mwili humdhania mgeni huyo kuwa ni adui, wakamfyatulia risasi, na risasi hizo zikaubomoa ukuta wa nyumba yao wenyewe. Ukuta huo ni utando wa utumbo mwembamba, wenye vijidole vidogo mno vinavyonyonya chakula. Vijidole vikilala na kufutika, mtu hula akashiba, na bado mwili ukabaki na njaa. Mtoto hudumaa, tumbo likafura, akaharisha siku nenda siku rudi. Mtu mzima huenda asiharishe hata kidogo. Ataonekana amechoka tu, damu yake imepungua na vidonge vya madini ya chuma havimsaidii, ama mifupa yake ni miepesi kuvunjika, ama ngozi ya viwiko na magoti imejaa malengelenge yenye kuwasha.

Kwa nini basi Wasaharawi? Sehemu ya jibu imo katika damu yao, kwani siliaki hufuata urithi, na urithi huo umeenea sana miongoni mwao. Lakini urithi peke yake haumwangushi mtu. Duniani wako wengi wenye urithi huo wasiougua maisha yao yote. Wazee wa Kisaharawi walikuwa wafugaji wa kuhamahama, na chakula chao kikubwa kilikuwa maziwa na nyama ya ngamia, pamoja na tende. Katika muda wa vizazi vichache mkate wa ngano ukawa ndio chakula cha kila siku, na maisha ya kambini yakaukaza mtindo huo, maana mkimbizi hachagui. Hula kilichomo katika gunia, na kwa miaka mingi gunia hilo limekuwa la unga wa ngano.

Hatuwalaumu waliotoa msaada. Ngano husafirishwa kwa urahisi, haiozi upesi, na katika jangwa lisiloota kitu isingekuwako, wengi wangalikufa. Hata hivyo historia ya ugonjwa huu imeonyesha kwamba mkate wa msaada waweza kumdhuru yule unayekusudiwa kumwokoa. Katika majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945, Wajerumani walipokuwa wameikalia Uholanzi, njaa kali iliingia nchini na mkate ukaadimika. Daktari Willem Karel Dicke wa hospitali ya watoto mjini The Hague, ambaye tangu kabla ya vita alikuwa akiishuku ngano, aliona ajabu: watoto wenye siliaki hawakuzidi kuugua katika njaa ile, bali walipata nafuu. Mkate uliporudi, pamoja na ule ulioletwa na majeshi ya washirika, wakarudia kuugua. Mwaka 1950 aliyaandika matokeo ya utafiti wake, na tangu hapo matibabu yakajulikana. Ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Mpaka leo hakuna kidonge wala sindano inayochukua nafasi ya sharti hilo.

Hapa tungependa askari wasikilize kwa makini, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea. Mtu akishuku kwamba ana ugonjwa huu, asikimbilie kuacha mkate kabla ya kupimwa. Kipimo cha kwanza ni cha damu, nacho hutafuta kingamwili ambazo mwili huzitengeneza wakati gluteni ingali ikiingia tumboni. Akiiacha miezi kadhaa kisha akapimwa, kingamwili hizo zitakuwa zimepungua, naye ataambiwa ni mzima. Damu ikionyesha dalili, kwa desturi daktari hupitisha mpira mwembamba wenye taa kinywani hadi kwenye utumbo, akachukua vipande vidogo vya kutazamwa kwa hadubini. Kwa watoto ambao kingamwili zao zimezidi mno kiasi, madaktari wa Ulaya tangu mwaka 2020 wamekubali kutegemea damu peke yake, mradi ipimwe mara ya pili kwa njia nyingine. Kwa mahali kama Tindouf nafuu hiyo si ndogo.

Anayeshika sharti hupata nafuu baada ya siku chache au majuma machache. Utumbo wenyewe hukawia. Mtoto huenda akapona katika miezi, lakini mtu mzima huenda akahitaji miaka miwili au zaidi, na wengine hawarudii hali ya awali kabisa. Na sharti lenyewe ni gumu kuliko linavyosikika. Makombo machache ya mkate kila siku yatosha kuendeleza maradhi. Hebu fikiria hema moja la Kisaharawi lenye watu wanane, sufuria moja na sinia moja, na mtoto mmoja asiyetakiwa kula mkate wanaokula ndugu zake. Unga maalumu usio na gluteni hutoka mbali na bei yake ni kubwa. Mama anaweza kulijua sharti kama alijuavyo jina lake na bado akashindwa kulitimiza, kwa kuwa ghala halikupokea kitu kingine mwezi ule.

Katika nchi zetu bahati ni njema zaidi. Mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga, mhogo, viazi na ndizi havina gluteni, na askari alaye ugali na maharage hula kilekile ambacho daktari angemwandikia. Hatari imo katika chapati, maandazi, tambi, biskuti kavu za safarini, na bia ya shayiri. Tumewahi kusikia maofisa wakimwita mtu mvivu kwa kuwa kila wiki yuko zahanati kwa tumbo. Huenda ni mvivu kweli; lakini kipimo cha damu chaweza kuonyesha vingine, na mwenye haki ya kusema ni daktari. Jeshi la Marekani huutaja ugonjwa huu miongoni mwa yale yanayomzuia kijana kuandikishwa. Twaielewa sababu yake, kwani vitani mtu hula anachopewa. Ila kwa askari aliyekwisha kuandikwa na ambaye mesi yake hupika ugali, hatuoni kwa nini afukuzwe kazini.

Wasaharawi hawawezi kufukuzwa mgaoni, wala hawana mgao mwingine. Nchi yao ni mwanachama wa Umoja wa Afrika, na iliketi katika Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1984, mwaka ambao Morocco ilijitoa kwa sababu hiyo hiyo, isirudi mpaka 2017. Yako mataifa ya bara hili yenye mtama na mahindi ya kuuza. Twajua kwamba njia ni ndefu, na kwamba watu waliozoea mkate hawatafurahia ugali kwa siku moja. Lakini mchele na dengu tayari vimo katika mgao wao, na kwa familia iliyopimwa na kuandikishwa, kuongeza vitu hivyo na kupunguza ngano ni suala la hesabu za ghalani. Wafadhili wanapoketi kuamua gunia lijalo litajazwa nini, orodha ya watoto waliopimwa inafaa iwe mezani pamoja na bei ya ngano.