Keki siyo heshima: meza yetu ya sikukuu msimu wa korosho

1.
Wiki iliyopita tuliongea kuhusu presha, tukaelewana vizuri. Leo najua nitagombana na watu, hasa dada zangu wa kamati za sherehe hapa Masasi na ndugu zangu wa kule juu Newala. Sawa, tugombane. Nataka tuitoe keki katikati ya meza ya sikukuu, na soda iifuate. Sisemi zipigwe marufuku. Nasema zisiwe ndiyo sherehe yenyewe.

2.
Angalia tulipo. Ni msimu wa korosho, minada inaendelea, hela zinaingia kwenye simu za watu. Kuanzia sasa mpaka mwaka mpya ni harusi, kipaimara, kumtoa mwali, Krismasi. Na kila meza ya vitamu ni ileile: keki ya ngazi tatu iliyokuja kwa gari huku mtu ameishika mapajani, kreti za soda, bakuli la pipi. Toka nje ya turubai, tembea hatua kumi tu. Chini ya mkorosho mabibo yamelala yanaoza, nzi wanajilia. Tumeacha kitu chetu kioze ili tukanunue cha dukani. Hivi hilo halikusumbui?

3.
Nitakwambia kwa nini linanisumbua mimi. Mama yangu ana kisukari, mwaka wa saba huu. Mwaka jana mjukuu wake alikuwa anatolewa unyagoni. Mshereheshaji akamwita bibi mbele, muziki ukapigwa, akalishwa keki. Kipande cha kwanza cha mwali, cha pili cha mjomba, cha tatu cha mkwe. Watu wanapiga vigelegele, simu zinarekodi. Angekataa vipi? Kukataa pale ni kumtukana mtoto na ukoo mzima. Akameza. Halafu akashushia soda, maana maji hayakuwepo mezani. Zikapita siku tatu za sherehe za namna hiyo, na dawa zake alikuwa amezisahau nyumbani. Nilipompima, sukari ilikuwa 19. Akaniambia, "Mwanangu, nilikula kidogo tu." Alikuwa ananidanganya ili asiniudhi.

Mimi nesi, binti yake wa kumzaa, nilikuwepo pale nikipiga vigelegele. Kwa hiyo usidhani nakusema wewe peke yako.

4.
Sasa tuongee hesabu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikishuka chini ya nusu ya hapo ni bora zaidi. Hiyo nusu, kwa mtu mzima, ni kama vijiko 6 vya chai kwa siku nzima. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina kama vijiko 9. Chupa moja! Bado hujagusa keki, na asubuhi ulishakunywa chai ya sukari na maandazi. Mtoto wa miaka sita kwenye sherehe namwona na chupa mbili, moja kila mkono, na mama yake anacheka.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta karibu mtu 1 kati ya 11 wa umri wa miaka 25 hadi 64 ana kisukari. Kwa hiyo ukialika watu wazima mia, usijidanganye kwamba anayeumia ni mama yangu tu. Wengine wamekaa kwenye viti vyako na hawajijui.

5.
Jambo la pili ni hela. Keki ile ya mwaka jana ilimgharimu mjomba shilingi 150,000. Kwetu mjomba akiombwa na dada zake hana pa kukimbilia, ataikopa. Na Januari mjomba huyohuyo anatafuta ada na daftari za watoto. Ngano ya keki nyingi inatoka nje ya nchi. Korosho zetu tunaziuza ghafi, zinapanda meli kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Yaani tunauza kilicho chetu kikiwa kibichi, halafu hela tunaipeleka kwenye unga wa watu.

Mnakumbuka msimu wa 2018, wanunuzi walipogoma na serikali ikaleta jeshi kubeba korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo? Nchi nzima iliongea kuhusu korosho mwezi mzima. Korosho ilikuwa na heshima ya kuletewa wanajeshi. Mbona haina heshima ya kuwekwa kwenye sahani ya mgeni?

6.
Haya, msije mkasema nesi anajua kukataza tu. Meza yangu mimi ni hii:

Korosho za kukaanga, chumvi kidogo. Nunua zilizobanguliwa tayari. Ukichoma mwenyewe na maganda yake, chomea nje, watoto wakae mbali na moshi, na usishike maganda kwa mkono mtupu. Yale mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, nimesafisha vidonda vyake mara nyingi.

Mabibo mapya yaliyookotwa asubuhi hiyohiyo, yaoshwe, yakatwe, yanyunyiziwe chumvi ili yasikabe koo. Bibo lina vitamini C kuliko chungwa, tena mara kadhaa.

Juisi ya mabibo. Kamua, changanya na uji mwepesi wa wali au wa muhogo uliopoa, acha itulie, kisha chuja. Ule ukakasi unashuka na uji. Usiongeze sukari, inayo yake ya kutosha.

Maembe, maana Desemba yapo kila mahali. Muhogo wa nazi wenye iliki. Ming'oko ya kuchemsha kwa wazee, utaona watakavyochangamka.

Kashata za ufuta au karanga, zikatwe ndogo kama kidole gumba. Ndiyo, zina sukari. Sijasema sherehe isiwe na utamu. Nimesema utamu uwe na kipimo.

Na maji ya kunywa. Najua Newala maji yana historia ndefu ya shida, mama zetu wamebeba ndoo kutoka mabondeni miaka yote. Lakini mkiweza kununua kreti kumi za soda, mnaweza kununua maji.

7.
Tahadhari mbili. Watoto chini ya miaka mitano wasipewe korosho au karanga nzima, zinakaba. Wasagie. Na mwenye kisukari asidhani embe na juisi ya bibo ni maji. Vipande viwili vitatu vya tunda vinatosha, juisi aonje tu.

8.
Najua majibu yenu. "Nesi, keki ni mara moja kwa mwaka." Siyo kweli. Hesabu mialiko yako ya Oktoba hadi Januari, uje uniambie ni mingapi. "Mabibo ni ya kutengenezea uraka na gongo, siyo ya mgeni." Bibo halijakosa adabu, ni sisi tuliolipeleka kilabuni tu. "Watu watasema hatuna uwezo." Hapa ndipo penyewe. Hili ndilo linalotulisha keki, hofu ya kusemwa. Mimi nakuuliza: meza ambayo bibi mzaa mama hawezi kula bila kuumia, ni ya heshima kwa nani?

Na kama lazima kulishana mbele ya watu kuwepo, basi walishane korosho. Mwali amlishe bibi yake korosho tatu, mjomba naye vivyo hivyo. Vigelegele vitakuwa vilevile, na picha zitatoka.

9.
Krismasi hii kwetu hakuna keki. Mjomba ameshakubali, tena ameshukuru. Shangazi mmoja amenuna, atakuja tu. Wewe uliye kwenye kamati ya sherehe yoyote mwaka huu, kikao kijacho nyoosha mkono uulize swali moja: wagonjwa wa sukari watakula nini? Halafu rudi hapa uniandikie walijibu nini. Nitasoma zote nikitoka zamu ya usiku.