Odin Si Zeus wa Nchi za Baridi

Katika vitabu vingi vya muhtasari vinavyoeleza imani za mataifa ya kale hutokea jedwali lenye safu tatu au nne: Wagiriki, Warumi, Waskandinavia, na pengine Wamisri. Msomaji huambiwa kwamba Zeus ndiye Jupiter, na Jupiter ndiye Odin, kisha huendelea kushuka kwa kidole mpaka chini. Nimefundisha walimu kwa miaka mingi, nami nasema bila kumung'unya maneno: jedwali hilo ni uvivu uliovishwa joho la elimu.

Kwanza, Warumi wenyewe hawalikubali. Tacitus, aliyeandika habari za makabila ya Kijerumani mwaka 98, alisema mungu waliyemtukuza kuliko wote ni Mercury, na wataalamu kwa kawaida humtambua humo Odin. Hata leo Jumatano ya Waingereza, iliyokuwa siku ya Mercury kwa Warumi, ina jina la Odin; Alhamisi, siku ya Jupiter, ina jina la Thor. Mwenye radi, basi, ni Thor. Odin ni mzururaji mwenye jicho moja, bwana wa mashairi, uchawi na waliokufa. Huyo anaingiaje katika safu ya Zeus?

Lakini hilo ni dogo. Ubaya mkubwa wa jedwali ni kwamba halina safu ya mwisho wao.

Zeus naye alitabiriwa mabaya. Alipoambiwa kwamba Metis atamzalia mwana wa kumpindua, alimmeza Metis. Alipopata habari kwamba mtoto wa Thetis atamshinda baba yake, aliacha kumtamani, Thetis akaozwa kwa binadamu, Peleus. Akazaliwa Achilles, akafa Troya. Tazameni hesabu hiyo: mkubwa kanusurika, mtoto wa mtu kazikwa. Na huyu ndiye tunayeambiwa awe kipimo cha miungu yote!

Odin naye anajua yatakayompata. Ameambiwa na mwanamke mwaguzi kwamba siku ya Ragnarök mbwa mwitu Fenrir atammeza. Thor atamuua yule nyoka aliyeizunguka dunia, atatembea hatua tisa, ataanguka kwa sumu yake. Freyr atamkabili Surtr bila upanga, maana aliutoa ili ampate mke. Hakuna binadamu anayesukumiwa zigo hilo. Hata walipomfunga Fenrir kwa hila, naye akataka mmoja wao aweke mkono kinywani mwake kama rahani, aliyeuweka alikuwa mungu, Tyr, akaupoteza. Sisemi walikuwa wema, ahadi waliivunja. Nasema gharama waliilipa wenyewe.

Wapo watakaonijibu kwamba miungu wanaokufa hawakuwa wa Kaskazini peke yao. Kweli, Osiris wa Misri aliuawa, na Baal wa Ugarit alishuka kwa Mauti. Lakini Osiris akawa mfalme wa wafu, na Baal akarudi na mvua zake. Kifo hicho ni kiangazi tu. Masika yapo njiani. Baldr alipouawa, Hel alikubali kumwachia iwapo kila kitu kitamlilia, jike moja la majitu likakataa, basi akabaki huko. Atarudi baada ya dunia nzima kuungua, wakati baba yake hayupo tena kumpokea.

Hoja nyingine ina uzito zaidi: kwamba masimulizi haya tunayapata kwa Snorri Sturluson, Mkristo wa Aisilandi aliyeandika yapata mwaka 1220, miaka mia mbili na zaidi baada ya nchi yake kubatizwa. Ati huenda habari za mwisho wa dunia alizitoa kanisani. Snorri ana mkono wake humo, sikatai. Lakini limebaki shairi la maombolezo ya mfalme Eirik wa Norwei, aliyeuawa mwaka 954, kabla watu wake hawajaiacha dini yao. Humo Odin anaulizwa kwa nini alimnyima ushindi shujaa kama huyo. Anajibu kwamba mbwa mwitu wa kijivu anayatazama makao ya miungu. Anakusanya askari bora kwa ajili ya vita ambavyo yeye mwenyewe hatatoka hai.