Mchango Huu Si wa Msiba

Ndugu zangu mlioko Amarillo, na ninyi wa Dumas, Cactus na Hereford, leo nawajia na ombi la mchango ingawa hakuna aliyefariki. Naomba mlisome hadi mwisho kabla hamjagusa pochi, kwa sababu fedha ni nusu tu ya ninachokitaka.

Mnamfahamu. Ni yule kauboi mrefu, kofia imempauka kwa jua, anayetuuzia fahali wa Krismasi na kukubali tumlipe kidogo kidogo hadi Pasaka. Theluji ikifunika magari yetu, ndiye anayepita na pikapu yake na mnyororo, akituvuta mmoja mmoja tuwahi zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha nyama. Jina lake siliandiki hapa. Ndivyo alivyotaka, na anayemjua keshamjua.

Farasi wake aliteleza kwenye barafu wakati anamrudisha mtamba aliyetoroka. Wakaanguka wote wawili, farasi juu, yeye chini. Pembe ya tandiko, kile kigingi cha mbele ambacho kauboi hukizungushia kamba akishamnasa ng'ombe, ikamkandamiza nyongani. Mfupa umevunjika mahali pawili. Ameshafanyiwa upasuaji na yuko nyumbani, lakini daktari amemkataza kuukanyagia mguu wa kushoto kwa miezi mitatu, na habari ya kupanda farasi asiianze kabla ya kiangazi kwisha.

Sasa tuelewane kuhusu kazi yenyewe, maana wengi wetu kauboi tulimjua kwenye filamu, ana bastola kiunoni na hana ng'ombe hata mmoja. Texas ina ng'ombe wapatao milioni 12, wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, na lazima watu wawazungukie. Kauboi aliyeajiriwa ranchi hupewa mshahara wa kawaida tu, nyumba ya mwajiri na pengine nyama ya mwaka. Rafiki yetu hata hayo hana. Yeye ni kibarua wa kutwa: anaitwa leo ranchi hii, kesho mazizi yale ya kunenepeshea, anakwenda na farasi wake, tandiko lake na kamba yake, jioni analipwa siku yake. Siku asiyopanda farasi hailipwi. Na mazizi hayo ndiko wanakotoka wanyama tunaowakata sisi kwa zamu. Nyama ile ikifika kwenye visu vyetu, imeshapita mikononi mwa watu kama yeye.

Sheria nayo haimbebi. Texas haimlazimishi mwajiri binafsi kuwakatia wafanyakazi bima ya ajali kazini, na hata angelazimishwa, kibarua wa namna hii mara nyingi hahesabiwi mfanyakazi wa mtu. Jimbo hili pia halikupanua Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wasio na uwezo, kwa hiyo mtu mzima asiye na mtoto mdogo wala ulemavu kwa kawaida haipati hata akiwa hana kitu. Bili za helikopta iliyompeleka hospitali, upasuaji na vyuma vilivyomo mwilini mwake zinakuja kila moja katika bahasha yake. Nimeziona mezani kwake, chini ya kopo la kahawa, hazijafunguliwa.

Sisi kuchanga tunakujua. Mtu wetu akifariki huku, jua halijazama kamati imeshapata mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na baada ya siku chache maiti inapanda ndege kwenda Nairobi, Bukavu au Kigoma. Sijasikia maiti ya mtu wetu ikikwama hapa kwa kukosa nauli. Mgonjwa je? Mgonjwa tunamwandikia "pole sana, Mungu akuponye", tunabandika na picha ya mikono inayoomba, basi. Naona haya kulisema, lakini kwetu ni nafuu ufe kuliko uvunjike nyonga.

Najua wapo watakaonung'unika kwamba huyu yuko nchini kwake, ndugu zake wako wapi? Ana dada Oklahoma, naye ni mtu wa kazi mbili. Makauboi wenzake hawakungoja kuitwa: farasi wake wameshachukuliwa wakatunzwe, na Jumamosi iliyopita walichoma nyama na kuuza sahani, fedha yote ikaenda kwenye kodi ya nyumba yake. Huku ndivyo ranchi zinavyoishi. Msimu wa kupiga chapa ndama ukifika, majirani huja na farasi wao, hufanya kazi tangu alfajiri, hupewa chakula cha mchana, na hakuna anayedai senti kwa sababu wiki ijayo ni zamu ya kwake. Mpare akiuona ushirika huu angesema ni msaragambo, ila wenye farasi. Moto wa Smokehouse Creek ulipozuka Februari 2024 ukaunguza ekari zaidi ya milioni 1 na kuua maelfu ya ng'ombe, malori ya majani makavu yalimiminika hapa kutoka majimbo mengine, mengi yakiendeshwa na watu wasiomjua hata mmoja wa waliounguliwa.

Na tusidhani ukauboi ni mambo ya Wazungu peke yao. Vijana wetu walisimuliwa na huyu huyu rafiki yetu habari za Bill Pickett, mtu mweusi wa Texas aliyezaliwa mwaka 1870, aliyeupa ulimwengu wa rodeo mchezo wa kuruka kutoka mgongoni mwa farasi na kumwangusha dume kwa kumkamata pembe. Alitamba nao Marekani na nje, kisha mwaka 1932 teke la farasi likamtoa roho. Vijana walipouliza kwa nini basi mtu aendelee na kazi hii, rafiki yetu aliwaonyesha mkono wake wa kulia. Kidole gumba kimeishia kwenye kiungo cha kwanza, kilikatika kati ya kamba na pembe ya tandiko zamani akiwa kijana. Akacheka, akawafundisha kufunga tandiko kwa vidole tisa na nusu.

Basi ninachoomba ni hiki. Ana ng'ombe wake wachache, mitamba watupu, kwenye shamba la kukodi kaskazini ya mji. Wanaanza kuzaa Februari. Kila asubuhi lazima mtu avunje barafu kwenye tangi la kunyweshea, la sivyo ng'ombe watashinda na kiu huku maji yapo, kisha afungue robota la majani na kuwakagua mmoja mmoja aone nani kiwele kimejaa, nani amejitenga kwenye kona ya uzio. Wazee wetu mliokulia nyuma ya ng'ombe kule Minembwe, Kongo, ninyi ndio ninaowatazama. Nilimwona mmoja wenu mwaka jana akimsaidia mtamba aliyekwama, mkono umezama hadi kwenye kiwiko, akimsemesha kwa sauti ya chini, na kauboi amesimama kando ameshika taa tu, hana la kuongeza. Hapakuwa na mkalimani na hakuhitajika.

Dada zetu mnaofanya kazi hospitalini, na yeyote aliyewahi kujaza fomu za ukimbizi, tunawahitaji mezani. Hospitali aliyotibiwa ni ya shirika lisilo la faida, na sheria ya Marekani inazitaka hospitali za namna hiyo ziwe na utaratibu wa kuwapunguzia au kuwafutia deni wasio na uwezo. Mgonjwa ana siku 240 za kuomba, tangu bili ya kwanza baada ya kutoka wodini. Yeye anaona kuijaza fomu ya maombi ni kuombaomba. Sisi kwa fomu ni maprofesa, hatuoni aibu ya karatasi. Kuna pia chama cha makauboi wa ranchi, Working Ranch Cowboys Association, chenye makao hapa hapa Amarillo, na taasisi yake ina mfuko wa kuwasaidia walioumia. Barua ya kuombea inataka mwandishi, na nusu yake nimeshaiandika.

Fedha mpeni mweka hazina wetu yule yule wa misiba, aandike kwenye daftari kama kawaida. Dola 10 ni mchango, dola 5 pia ni mchango. Asiye nazo alete sufuria ya maharage, ila apunguze pilipili. Jamaa ni jasiri, lakini si kiasi hicho.

Tunaanza Jumamosi, saa 1 asubuhi, tukutane kwenye maegesho ya kanisa twende kwa magari machache. Vaeni glavu na viatu vya kiwandani. Mkifika msimuulize kama anahitaji msaada, atasema hapana. Muulizeni shoka liko wapi.