Tusizikimbie Hadithi za Majini na Safari za Angani

Wapo watu miongoni mwetu, na si wachache, wanaosema kuwa vitabu vya majini, mazimwi na vyombo vya angani ni upuuzi wa kitoto. Wengine huzidi wakasema ni uwongo mtupu, na kwamba Mwislamu hana haja ya kupoteza saa zake kwa uwongo. Mimi naona sivyo. Msomaji wa pwani ndiye angekuwa wa mwisho kuzikimbia hadithi hizi, maana zilikuwa zake kabla hazijawa za mtu mwingine.

Tuanze na hilo la uwongo. Mwongo ni yule akuelezaye jambo lisilokuwa, naye ataka uliamini. Mtambaji hafanyi hivyo. Akisema paukwa, nasi tukaitikia pakawa, tumekwisha kufahamiana kuwa tunaingia katika nyumba ya mawazo, na kwamba tutatoka salama. Wazee wengine hata waliuita uwongo kwa jina lake hapo mlangoni, wakasema uwongo njoo, utamu kolea. Lililotangazwa hivyo halimdanganyi mtu.

Wala wanazuoni wa Kiislamu hawakuidharau njia hii. Ibn Tufayl, aliyefariki mwaka 1185, alikuwa tabibu wa Sultani wa Muwahidina aliyetawala Maghribi na Andalusia. Aliandika hadithi ya Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyekulia peke yake kisiwani, akalelewa na paa. Paa yule alipokufa, Hayy alimpasua kifua ili ajue ni kitu gani kilichomtoka hata asiweze tena kuinuka. Toka hapo akaendelea kupima na kuwaza, moto, wanyama, nyota, mpaka akili yake ikamfikisha kwenye kumjua Muumba. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiingereza kutoka Kiarabu mwaka 1708, miaka 11 kabla ya kuchapishwa kisa cha Robinson Crusoe. Basi anayedhani kuwa hadithi ya akili na maumbile ni mali ya Wazungu, na aanze na hiki.

VITABU VYA NYUMBANI

Kwa Kiswahili, mlango wa kwanza ni Shaaban Robert wa Tanga. Katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, yupo kijana aitwaye Karama, ameshitakiwa katika nchi inayoelea hewani. Ili kujitetea, asimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na mambo ya manufaa, na malipo yao yakawa kifungo. Kitabu kiliandikwa wakati wa ukoloni, na anayekisoma leo haulizi nchi hiyo iko wapi, kwani aijua. Mwaka uliofuata alitoa Adili na Nduguze, kisa cha mtu mwenye ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Waliokulia katika Alfu Lela Ulela watakitambua mara moja kilikotoka.

Wa pili ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichapishwa mwaka 1960. Jina latisha, na mahali penyewe patisha: mzimuni, na maiti. Lakini Bwana Msa, na kiko chake mdomoni, hashughuliki na mizimu. Huuliza ni nani aliyekuwa wapi, nani anufaika, na nani asema jambo lisilolingana. Mwisho wake, kilichofanywa kimefanywa na binadamu.

Hapo ndipo penye faida kubwa ya hadithi za kutisha, nami naomba msomaji apatazame vizuri. Mwaka 1995 vilizuka visa vya Popobawa huko Pemba, vikavuka hadi Unguja. Watu walilala nje makundi kwa makundi, wakiota moto kwa hofu. Mtu mmoja mgonjwa wa akili alidhaniwa ndiye Popobawa, akauawa na umati. Kwetu Kilifi nako, wazee wameuawa mara kwa mara kwa kushukiwa uchawi, na mara nyingine nyuma ya shutuma hizo mna ugomvi wa shamba.

Hivyo, uwongo unaoua ni upi? Si ule wa kitabuni, ambao umeandikwa juu ya jalada kuwa ni hadithi. Ni ule unaopita barazani na katika simu ukiwa umevaa kanzu ya ukweli. Kijana aliyemsoma Bwana Msa akisikia kuwa bibi fulani ni mchawi, kwanza atauliza shamba la bibi yule linapakana na la nani.

Katika vitabu vya karibu zaidi, siwezi kumruka Katama Mkangi, mwana wa pwani aliyewekwa kizuizini mwaka 1986. Walenisi yake, ya mwaka 1995, ni hadithi ya safari ya angani kwa Kiswahili chetu wenyewe. Dzombo ahukumiwa na nchi yake kutiwa katika chombo kimpeleke mautini, lakini chombo chamfikisha kwa watu waishio kwa haki na usawa. Jina la nchi hiyo lisome polepole, wale ni sisi, nawe utafahamu mwandishi alikusudia nini.

Na apendaye kutishwa kwa sababu ya maana na asome Babu Alipofufuka, cha Said Ahmed Mohamed, kilichotoka mwaka 2001. Mkubwa mmoja aliyeshiba ajiwa na babu yake aliyekwisha kufa, amchukue akamwonyeshe maisha ya wale aliowasahau. Kitabu hiki si chepesi, lakini anayekimaliza hawezi kupita kando ya ombaomba kama alivyopita jana.

VYA UGENINI

Katika vya wageni, cha Mfaransa Jules Verne juu ya wiki tano katika puto, cha mwaka 1863, chatuhusu sana, kwani puto larushwa kutoka Unguja na kukata bara zima hadi Senegali. Verne hakupata kufika Unguja. Wenyeji anawachora kama wajinga wanaodhani mgeni anakwenda kulidhuru jua na mwezi. Watu hao ndio waliokuwa wakiongoza majahazi kwa nyota baina ya pwani hii na Maskati! Kisome kwa furaha ya safari, lakini na kalamu mkononi.

Dawa yake ni H. G. Wells, Mwingereza aliyeandika mwaka 1898 juu ya viumbe wa sayari ya Mars waliokuja kuivamia Uingereza kwa silaha zisizozuilika. Katika sura ya kwanza awakumbusha wenzake walivyowaangamiza watu wa Tasmania, ili wasije wakaona wanaonewa. Sisi ambao babu zetu walipigiwa mizinga kutoka baharini hatuhitaji mfasiri wa kitabu hicho.

Akina mama na mabinti nawausia Ndoto ya Sultana, kisa kifupi alichokiandika Rokeya Sakhawat Hossain, Mwislamu wa Bengali, mwaka 1905. Ni nchi inayoongozwa na wanawake, wenye elimu ya kupikia kwa joto la jua na kuvuna maji mawinguni, na vita huvishinda kwa miali ya jua bila ya upanga. Wanaume ndio wakaao ndani. Mtu aweza kucheka, aweza kukasirika, lakini hawezi kusema kuwa mwanamke wa Kiislamu hakuwahi kuiota sayansi. Leo, miaka zaidi ya 100 baadaye, mabamba ya umeme wa jua yamejaa juu ya mapaa yetu.

Na kwa mwenye moyo mgumu, kipo cha Ahmed Saadawi wa Iraki, kilichotoka mwaka 2013 na kupata tuzo kuu ya riwaya za Kiarabu mwaka 2014. Mchuuzi wa vikorokoro mjini Baghdad aokota viungo vya watu waliouawa kwa mabomu, avishone viwe mwili mmoja upate kuzikwa kwa heshima. Mwili huo wainuka na kutafuta kisasi. Sisi tunaojua uzito wa kumsitiri maiti tutakielewa kuliko wengi.

MPAKA UWEKWE WAPI?

Sisemi kila kitabu chenye jini kifae. Kitabu kinachomfundisha mtu kupiga ramli au kuabudu kisichokuwa Mungu hakiingii katika sifa hizi, hata kikiandikwa kwa ufasaha namna gani. Wala mtoto wa miaka minane hapewi cha Baghdad usiku wa manane. Mzazi na asome kwanza, ndipo ampe mwanawe, na bora wasome pamoja na kujadiliana.

Lakini kumnyima kabisa si kumlinda. Majini tunayaamini kuwa yapo, wala hatuhitaji kitabu cha hadithi kutuambia hivyo. Kijana aliyenyimwa vitabu hatakosa vitisho, bali atavipata katika video za simu, vya haraka, visivyo na mwulizaji wala jibu. Kitabu humpa nafasi ya kusimama, kurudi nyuma ukurasa mmoja na kupima.

Kwa hiyo nawasihi waangalizi wa maktaba za madrasa na za mitaa yetu, toka Lamu hadi Vanga: kando ya vitabu vya dini na vya mitihani, tengeni rafu moja tu ya hadithi hizi. Awekwe Hayy kwa Kiswahili chepesi, awekwe Karama, na pembeni yao Bwana Msa na Dzombo. Chombo hakiendi mbali kwa nahodha asiyeweza kuifikiri bandari kabla hajaiona.