Josephus Si Muhuri wa Injili

Ipo kauli ambayo kila aliyekulia kanisani katika nchi zetu ameisikia, ikiwa si mimbarani basi katika mkutano wa injili, na ikiwa si mkutanoni basi katika mihadhara ile ya jioni ambamo Wakristo na Waislamu hushindana kwa aya na vipaza sauti: ya kwamba habari za Yesu hazikuandikwa na wanafunzi wake peke yao, bali hata Josephus, Myahudi asiyekuwa Mkristo, mwandishi mashuhuri wa taarikhi wa karne ile ile, alikiri kwa kalamu yake mwenyewe kuwa Yesu ndiye Masihi na kwamba siku ya tatu alionekana tena yu hai. Msemaji akiisha kuitoa kauli hiyo hunyamaza kidogo, watu wapige makofi, kana kwamba kesi imekwisha na hakimu ameinuka. Mimi ni Mkristo, na ufufuko nauamini. Walakini nasema bila ya kumung'unya maneno kuwa kauli hiyo, kwa jinsi inavyosemwa, ni batili, na kwamba wanaoieneza, wengi wao kwa nia njema kabisa, wanaidhuru ile imani wanayodhani wanaitetea.

Tumwangalie kwanza mtu mwenyewe. Josephus alizaliwa Yerusalemu mnamo mwaka 37 baada ya Kristo, katika ukoo wa makuhani. Vita vya Wayahudi na Warumi vilipozuka mwaka 66 akapewa uongozi wa askari wa Galilaya. Mwaka uliofuata, mji wa Jotapata ulipozingirwa na kutekwa, akajisalimisha, na mbele ya jemadari Vespasian akatabiri kuwa jemadari huyo atakuwa Kaisari. Utabiri ukasadifu, na tangu hapo Josephus akawa mtu wa nyumba ya Kaisari: akapewa uraia wa Rumi, makazi na posho, akachukua na jina la ukoo wa mfadhili wake, na huko Rumi akaandika vitabu vyake, kwanza habari za vita vile, kisha, mnamo mwaka 93 au 94, taarikhi ndefu ya taifa lake katika vitabu 20, iitwayo Mambo ya Kale ya Wayahudi. Sasa, katika kile kitabu chake cha vita, anapoeleza ni jambo gani hasa lililowatia Wayahudi ujasiri wa kupigana na dola kubwa kama ile, asema kuwa ulikuwapo unabii katika maandiko yao matakatifu ya kwamba kutoka nchi yao atatokea mtu wa kuutawala ulimwengu, nao wakaufasiri vibaya, kwani aliyekusudiwa, kwa rai yake, hakuwa mwingine ila Vespasian, aliyetangazwa Kaisari akiwa katika ardhi ya Uyahudi. Huyu basi, aliyekwisha kumvika Kaisari mpagani vazi la Masihi, akaishi kwa ruzuku ya nyumba hiyo hata uzeeni, ndiye tunayeambiwa kuwa siku moja, katikati ya masimulizi ya vituko vya liwali Pilato, alitoa shahada kamili ya Kikristo, kisha akaendelea na habari nyingine kama mtu aliyepiga chafya, wala asionekane popote pengine katika maandishi yake yote kuikumbuka shahada hiyo!

Aya yenyewe imo katika kitabu cha 18 cha hayo Mambo ya Kale, na katika nakala za Kiyunani tulizorithi inamtaja Yesu kuwa mtu mwenye hekima, ikasita kama yafaa kumwita mtu, ikasema kuwa ndiye aliyekuwa Kristo, na kwamba aliwatokea wafuasi wake siku ya tatu kama manabii walivyonena. Lakini Origen, mwanazuoni wa Kikristo wa karne ya 3 aliyevisoma vitabu vya Josephus na kuvitumia katika hoja zake, asema wazi, tena zaidi ya mara moja, kwamba Josephus hakumwamini Yesu kuwa ndiye Kristo. Na mtu wa kwanza tunayemwona akiinukuu aya hiyo pamoja na shahada yake ni Eusebius, askofu wa Kaisaria, katika karne ya 4. Nakala nyingine, iliyo baridi zaidi, aliihifadhi kwa Kiarabu Agapius, askofu wa Manbij katika nchi ya Shamu, katika karne ya 10: hapo Yesu huenda akawa ndiye Masihi, na habari ya kuonekana kwake baada ya kusulubiwa inatajwa kuwa ni kauli ya wanafunzi wake. Wako wanazuoni waikataao aya yote. Walio wengi wanaona kuwa Josephus aliandika maneno machache juu ya mwalimu aliyesulubiwa na Pilato, ambaye wafuasi wake hawakutoweka, na kwamba mkono wa Mkristo uliongeza yaliyobaki.

Simwiti mwenye mkono huo mwizi. Vitabu vya Josephus havikuhifadhiwa na Wayahudi wenzake, ambao kwao alikuwa msaliti; vilihifadhiwa na Wakristo walioketi wakavinakili kizazi baada ya kizazi, na lau si wao tusingekuwa na la kubishania leo. Yamkini mmoja wao, alipofika hapo akaona maneno makavu juu ya Bwana wake, aliandika pambizoni yale ambayo moyo wake uliyasema, na aliyekuja baadaye akayaingiza ndani ya matini. Ninayemlaumu ni mhubiri wa leo, mwenye vitabu na simu iliyojaa vitabu, ambaye haulizi.

Nami namlaumu kwa sababu najua kinachofuata. Kijana aliyebatizwa kwa makofi yale huenda chuoni, akafungua kitabu cha kwanza cha taarikhi ya Warumi, akakuta kuwa aya aliyoimbiwa tangu utotoni ina mkono wa mtu mwingine ndani yake. Na kwa kuwa hakufundishwa kutofautisha kati ya Injili na aya hiyo, huvitupa vyote viwili siku moja. Au mjibu hoja wa upande wa pili katika mhadhara huinuka na jina la Origen mkononi, na umati mzima wa Wakristo hutazamana, maana hakuna aliyewaambia kuwa baba mmoja wa Kanisa lao wenyewe ndiye shahidi dhidi yao.

Ajabu ni kwamba Josephus huyo huyo ana maneno yenye thamani kubwa mno, na wahubiri wetu hawayagusi. Katika kitabu cha 20 aeleza kuwa liwali Festo alipokufa, na kabla ya Albino aliyemrithi hajawasili, kuhani mkuu Ananus aliitumia nafasi hiyo kuwahukumu watu kadhaa na kuwatoa wapigwe mawe. Na mmoja wao, asema, alikuwa nduguye Yesu aitwaye Kristo, jina lake Yakobo. Mambo hayo yalikuwa mwaka 62. Hakuna ufufuko hapo, wala sifa, wala unabii. Josephus anashughulika na kuhani mwenye pupa aliyepoteza cheo chake kwa kutenda jambo asilolipatia idhini. Yesu anatajwa ili msomaji ajue Yakobo yupi anayesemwa, na hilo tu. Lakini ndilo neno la mtu asiyekuwa na haja ya kutupendeza, aliyekuwa kijana wa makuhani mwenye umri wa miaka 25 hivi wakati mambo hayo yalipotukia, na Paulo naye, katika waraka wake kwa Wagalatia, asema kuwa alionana na Yakobo, ndugu yake Bwana, huko Yerusalemu. Maandiko mawili yamekutana juu ya mtu mmoja bila ya kuagana. Nani asiyeona kuwa hilo lina uzito kuliko shahada ya kubandikwa?

Tacitus, mwandishi wa taarikhi wa Kirumi, naye ni vivyo hivyo. Aliandika mnamo mwaka 116, akieleza jinsi Nero alivyowatwika Wakristo kosa la moto ulioiteketeza Rumi mwaka 64, na kwa kupita akasema kuwa huyo Kristo waliyeitwa kwa jina lake aliuawa katika enzi ya Kaisari Tiberio kwa amri ya Pontio Pilato. Asemayo juu ya dini yenyewe ni matusi matupu. Nayapenda matusi yale. (Na hao wanaodai, kutoka upande wa pili, kuwa ushuhuda huu kwa uchache wake wathibitisha kuwa Yesu hakuwako, na wakumbuke kwamba Pilato, aliyeitawala Uyahudi muda wa miaka 10 kwa idhini ya dola kubwa kuliko zote, hatukupata jina lake juu ya jiwe mpaka mwaka 1961, lilipofukuliwa moja huko Kaisaria.)

Lakini pahali ninapopapenda kuliko pote, na ambapo ningetamani kila mwalimu wa shule ya Jumapili apajue, ni kifo cha Herode Agripa, mwaka 44. Luka anakisimulia katika Matendo ya Mitume, mlango wa 12: mfalme amewakasirikia watu wa Tiro na Sidoni, nao wamejipatanisha naye kwa msaada wa Blasto, msimamizi wa chumba chake, siku iliyopangwa anavaa mavazi ya kifalme, anaketi na kuwahutubia, watu wanapaza sauti kuwa huyo ni mungu anayesema, malaika wa Bwana anampiga, naye analiwa na chango na kufa. Josephus, katika kitabu cha 19, hana habari ya Tiro wala ya Blasto. Kwake mfalme yuko Kaisaria kwa michezo ya kumtukuza Kaisari. Siku ya pili, alfajiri, anaingia uwanjani amevaa vazi lililofumwa kwa fedha tupu, jua la kwanza linalipiga likametameta hata waliolitazama wakaingiwa na hofu. Wenye kujipendekeza wanamwita mungu, naye hawakemei. Kisha anainua macho na kumwona bundi, ndege ambaye hata kwetu hakaribishwi paani, ametua juu ya kamba. Mfalme anamtambua, kwani zamani, alipokuwa mfungwa wa Tiberio, mfungwa mwenzake alimwambia kuwa ndege yule ni dalili ya kufunguliwa kwake, na kwamba akimwona mara ya pili hatakuwa na zaidi ya siku tano. Tumbo linamshika hapo hapo, na baada ya siku tano akafa, akiwa katika mwaka wa 54 wa umri wake.

Hapa ndipo ningemsimamisha mhubiri nikamwomba atazame. Mji ni ule ule, na vazi, na kelele za watu, na kiburi, na maradhi ya tumboni yaliyomwangusha ghafla mbele ya umati. Ilhali kila mmoja ana sababu yake, njia yake na mazingira yake. Mahakamani, mashahidi wawili wanaolingana neno kwa neno humtia hakimu shaka kuwa wamefundishwa nyumbani. Hawa hawakufundishwa na mtu. Je, ndugu zetu wa kale waliridhika nao? Katika taarikhi ya Kanisa ya Eusebius, yule yule wa ile aya ya kitabu cha 18, masimulizi haya ya Josephus yamenukuliwa kwa urefu, na bundi hayumo tena: aliyeonekana juu ya kichwa cha mfalme ni malaika. Ikiwa kalamu iliyofanya hivyo ilikuwa yake au ya mwingine, almuradi hiyo ndiyo tabia ninayoishitaki: kuuona ushuhuda mzuri, kuuona haujatosha, kuunyoosha hata ulingane, na kwa kuunyoosha kuuvunja.

Tena si Agano Jipya peke yake. Senakeribu, mfalme wa Ashuru, aliishambulia Yuda mwaka 701 kabla ya Kristo, na habari zake mwenyewe aliziandika juu ya vigae vya udongo vilivyosalia hata leo. Kitabu cha Pili cha Wafalme chasema Hezekia, mfalme wa Yuda, alilipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Maandishi ya Senakeribu yasema 30 za dhahabu, ila za fedha ni 800. Ajisifu kuwa aliteka miji 46, na kuwa alimfungia Hezekia ndani ya Yerusalemu. Kuwa aliuteka mji huo, hasemi. Atakaye kuondoa tofauti ya fedha kwa hila za hesabu na aendelee, mimi hainikoseshi usingizi.

Kwa sababu mwenye kumfanya mwandishi wa dunia kuwa hakimu wa Maandiko hana budi kuikubali hukumu yake yote, hata isiyompendeza. Luka, katika Matendo ya Mitume, anamtia mwalimu Gamalieli kinywani habari ya Theuda mwasi, kuwa alimtangulia Yuda Mgalilaya. Josephus, katika kitabu kile kile cha 20 chenye Yakobo, amweka Theuda katika siku za liwali Fado, baada ya kifo cha Agripa, yaani miaka kadhaa baada ya hotuba ya Gamalieli. Luka aeleza kuzaliwa kwa Yesu katika siku za Herode Mkuu, si yule Agripa, na kwa ajili ya hesabu ya watu iliyofanywa Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu. Ila Herode, kwa hesabu ya wanazuoni walio wengi, alikufa mwaka 4 kabla ya Kristo, na Josephus asema Kirenio alikuja kuihesabu mali ya Uyahudi baada ya mtawala wake Arkelao kuuzuliwa, nao ni mwaka 6 baada ya Kristo. Majibu yamejaribiwa tangu kale: Tertullian, mwanzoni mwa karne ya 3, aliitaja hesabu hiyo kuwa ya Sentius Saturninus, liwali aliyemtangulia Kirenio huko Shamu, wengine wameweka hesabu mbili, wengine wameisoma sentensi ya Luka kwa namna nyingine, na wako wasemao kuwa Luka alikosea mwaka, na hawakuacha kusali kwa sababu hiyo. Sikusudii kuamua kati yao hapa. Nataka tu mhubiri ajue kwamba habari ya Kirenio na hesabu yake iko mwanzoni kabisa mwa kitabu cha 18, na kwamba yeye, anapokifungua kitabu hicho mbele ya watu ili awasomee aya yake aipendayo, ameipita njiani.