Shaba inapanda, lakini hesabu ya wakaaji iko wapi?

Mtu anayesafiri siku hizi kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi, kupitia Fungurume na Likasi, hahitaji kusoma ripoti ili ajue kwamba kazi ya shaba inaendelea vizuri. Malori yanafuatana usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, yakiwa yamebeba katodi, yaani mabamba ya shaba safi. Huko mpakani na Zambia, dereva anaweza kulala siku kadhaa kwenye foleni. Takwimu nazo zinasema hivyohivyo: mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Tumeipita Peru, na duniani kote imebaki Chile peke yake mbele yetu.

Ni habari njema na hatuoni sababu ya kuificha. Lakini tani si kipimo cha utajiri wa watu. Kipimo ni kitu kitakachobaki siku bei itakapoanguka au siku shimo litakapokauka. Kwa upande huo, serikali, makampuni na viongozi wa majimbo bado hawajawapa wakaaji jibu la wazi.

Kuna msomaji wa Goma, Bukavu au Uvira atakayeuliza: sisi tuko katika vita, mambo ya shaba ya Lualaba yanatuhusu nini? Yanamhusu sana. Tangu Goma na Bukavu ziingie mikononi mwa AFC/M23 mwanzoni mwa 2025, hazina ya taifa imepoteza kodi za miji hiyo. Mishahara ya askari, walimu na wauguzi, pamoja na gharama za vita vyenyewe, inategemea kwa sehemu kubwa pesa inayotoka kwenye migodi ya kusini. Shaba ikiyumba, anayeumia si mkaaji wa Kolwezi peke yake.

Tumeshawahi kuwa juu

Wazee wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi hawashangazwi na sifa hizi za leo. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na baada ya mali zake kuchukuliwa na taifa mwaka 1967 ikazaliwa kampuni tunayoijua kwa jina la Gécamines. Mfanyakazi alipata nyumba, posho ya unga, shule ya watoto na hospitali. Watu walisema kampuni ni baba na mama. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 kwa mwaka.

Kisha ikaanguka. Pesa ilikuwa inatolewa kila mwaka kwa ajili ya mahitaji ya watawala wa Kinshasa, lakini mashine hazikubadilishwa. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka. Uporaji wa 1991 ukafuata, pamoja na machafuko ya miaka iliyokuja baadaye. Kufikia mwaka 1994 Gécamines ilikuwa inatoa chini ya tani 40,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, uliosimamiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Familia nyingi za Katanga zinajua maana ya hiari hiyo, kwa sababu watoto waliacha shule na baba aliyekuwa fundi akaenda kulima au kuchimba kwa mikono.

Shaba haikuisha wakati ule. Ilikuwa bado ardhini, na ndiyo hiyo inayochimbwa leo. Kilichoisha ni pesa ya kuitunza kazi, kwa sababu ilikuwa imeliwa bila hesabu. Somo hilo ndilo tunalotaka lisisahaulike sasa.

Nafasi ipo, na vizuizi vipo

Dunia inahitaji shaba zaidi kuliko jana. Nyaya za umeme, magari ya umeme, mitambo ya jua na vituo vikubwa vya kompyuta, vyote vinaitumia. Bei imepita dola 10,000 kwa tani. Mgodi wa Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, ulianza kutoa shaba mwezi Mei 2021, na mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 430,000, karibu sawa na Gécamines nzima katika miaka yake mizuri. Hapo pia kimejengwa kiwanda cha kuyeyusha shaba chenye uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka. Hii ni hatua kubwa, kwa sababu kabla ya hapo sehemu ya mzigo iliondoka nchini kama unga wa madini, na kazi ya kuuyeyusha ilipewa watu wa nchi nyingine.

Lakini kiwanda kinataka umeme, na hapo ndipo shida ya kwanza inapoanzia. Laini ya kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa karibu kilomita 1,700, ilikamilika mwaka 1982. Migodi imeongezeka mara nyingi tangu wakati huo, lakini umeme wa SNEL haukufuata mwendo huo. Makampuni yananunua umeme kutoka Zambia na nchi nyingine za kusini, na yanawasha jenereta za mafuta kwa gharama kubwa. Mwaka 2024 ukame ulipopunguza maji ya mabwawa ya Zambia, tuliona hatari ya kutegemea umeme wa jirani. Na mkaaji wa mitaa ya Kolwezi au Lubumbashi? Yeye amebaki na delestaji. Anaona nyaya kubwa zikipita juu ya paa lake kwenda mgodini, naye anapika kwa makala.

Shida ya pili ni njia. Mzigo mwingi unapita Kasumbalesa kwenda Dar es Salaam, Durban na bandari nyingine. Mwezi Agosti 2024 ugomvi wa biashara ya vinywaji ulitosha kuifanya Zambia ifunge mpaka kwa siku chache, na malori yote yakasimama. Ndiyo maana reli ya Lobito inazungumzwa sana. Upande wa Angola ina karibu kilomita 1,300 zilizokarabatiwa. Upande wetu, kutoka Dilolo hadi Kolwezi, reli ya SNCC ni ya zamani na treni zinatembea polepole. Bila kuikarabati sehemu hiyo, Lobito itabaki maneno ya mikutano.

Shida ya tatu ni usalama wa watu na wa ardhi. Mwezi Mei 2025 mitetemeko ilitikisa mgodi wa Kakula, maji yakajaa chini, na uzalishaji ukapungua. Mwezi Novemba 2025 maji machafu ya kampuni moja yalimwagika katika mitaa ya Lubumbashi, na waziri wa madini, Louis Watum Kabamba, akasimamisha kazi za kampuni hiyo. Mwezi huohuo huko Kalando, Lualaba, watu wasiopungua 32 walikufa daraja lilipoanguka kwenye machimbo ya mikono. Mwaka 2019 wachimbaji 43 walikuwa wamekufa kwenye machimbo karibu na Kolwezi. Sheria inasema wachimbaji wadogo watengewe maeneo yao. Maeneo yenye madini ya kufikiwa kwa mikono ni machache, na kijana asiye na kazi ataingia tu katika eneo la kampuni, usiku, bila kofia wala ngazi salama.

Tufanye hesabu pamoja

Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 si mbaya. Inasema kampuni italipa redevansi, yaani mrabaha, wa asilimia 3.5 ya thamani ya shaba inayouza. Pesa hiyo inagawanywa hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, FOMIN. Mbali na hayo, kampuni inapaswa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi.

Tuchukue mfano wa mgodi unaouza tani 100,000 kwa bei ya dola 10,000. Mauzo ni dola bilioni 1. Redevansi ni dola milioni 35. Serikali kuu inapata milioni 17.5, jimbo milioni 8.75, FOMIN milioni 3.5, na komini au usultani milioni 5.25. Ile asilimia 0.3 inaongeza milioni 3. Maana yake, kutoka mgodi mmoja wa kadiri, watu wanaoishi kando yake wana haki ya kuona zaidi ya dola milioni 8 zikifanya kazi kwao kila mwaka. Tunasema kila mwaka, si mara moja.

Sasa tumuulize mkaaji wa kijiji chochote kilicho kando ya barabara ile ya malori: je, unajua usultani wako ulipokea kiasi gani mwaka jana? Uliona karatasi? Wengi watacheka. Mtu atakuonyesha darasa lililopakwa rangi au kisima chenye kibao cha kampuni, lakini hesabu hajawahi kuiona. Ripoti za ITIE zipo, tunazisifu, lakini zimeandikwa kwa Kifaransa, zina kurasa nyingi, na hazifiki kijijini.

Viongozi wa mahali watasema kwamba pesa zinachelewa, kwamba mipaka ya sekta na usultani ina ugomvi, kwamba hawana wahasibu. Mengine ni kweli. Lakini kukosa mhasibu si sababu ya kuficha kiasi kilichoingia benki. Makampuni nayo yasijifiche nyuma ya neno "tumelipa". Aliyelipa kwa haki haogopi kutangaza kiasi na tarehe.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji sheria mpya. Kwanza, kila baada ya miezi mitatu, komini, sekta na usultani zote zenye migodi zibandike ukutani, kwa Kiswahili, kiasi kilichopokelewa na kazi iliyofanywa nacho, na kampuni ibandike kiasi ilicholipa kwenye lango lake. Karatasi mbili zikitofautiana, raia watajua pa kuuliza. Pili, FOMIN ieleze wananchi ina kiasi gani na imekiweka wapi, kwa sababu ni akiba ya watoto ambao bado hawawezi kuuliza. Tatu, serikali kuu, inayochukua nusu ya mrabaha, ionyeshe sehemu gani inaenda kwenye umeme na kwenye reli ya Dilolo, kwa kuwa bila vitu hivyo hata hizo tani milioni 3 hazitadumu.

Wabunge waliochaguliwa Lualaba na Haut-Katanga wana nafasi ya kuanza kwa kuuliza hesabu za eneo lao wenyewe. Mashirika ya raia yana nafasi ya kuzisoma kwenye radio za mahali. Na sisi waandishi tuna kazi ya kurudi kila mwaka na kulinganisha namba. Bei ikiwa juu ndipo kuna pesa ya kuhesabu. Mwaka 1994 wazee wetu walipotaka hesabu, kulikuwa hakuna kitu tena mezani.