Moshi mweusi sio nguvu, pikapu zipimwe kama wachezaji

Kijiweni kila shabiki ana straika wake na kila dereva ana pikapu yake. Straika anasifiwa kwa kasi ambayo hakuna aliyeishika kwa saa. Pikapu inasifiwa kwa farasi ambao hakuna aliyewahesabu.

Tofauti ni kwamba straika ameshaanza kubanwa. Siku hizi klabu kubwa haimpokei kwa maneno ya wakala peke yake. Anapimwa moyo, anapimwa magoti, na mazoezini anavalishwa kifaa cha GPS mgongoni kinachosema amekimbia mita ngapi na alichoka dakika ya ngapi. Hata mwamuzi akifeli mtihani wa utimamu wa mwili, filimbi inabaki mfukoni.

Pikapu bado ziko enzi za maneno. Nenda Miono, huko Chalinze, ambako mananasi yanatoka shambani kwa pikapu kuifuata lami. Utasikia gari likisifiwa kwamba "limefunguliwa". Limefunguliwa nini, na kwa kiasi gani? Karatasi hamna. Ushahidi pekee ni wingu jeusi linalotoka nyuma dereva akikanyaga mafuta kwenye mlima, na vijana wanashangilia kama bao limeingia.

Sio bao hilo, ni mpira uliopaa juu ya mwamba. Moshi mweusi wa dizeli ni mafuta yaliyokosa hewa ya kutosha, hayakuungua yote, yakatoka nje yakiwa masizi. Mwenye gari ameyalipia kituoni kwa bei kamili na hayakumsukuma hata hatua moja. Kibaya zaidi, mafuta hayo ya ziada yanapandisha joto ndani ya injini, na joto hilo ndilo linalokuja kupasua pistoni siku mzigo uko juu.

Ukweli ni kwamba kuongeza nguvu ya injini sio uchawi. Injini inahitaji hewa na mafuta kwa uwiano. Injini ya petroli inaunguza vizuri ikipata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta, na ikitafutwa nguvu ya mwisho fundi anaiongezea mafuta kidogo hadi uwiano ufike kama 12.5 au 13. Dizeli ni kinyume chake. Yenyewe inataka hewa nyingi kupita kiasi, na ukishuka chini ya kilo 18 hivi za hewa kwa kilo moja ya dizeli, moshi unaanza kuonekana. Kuanzia hapo unachoongeza ni masizi na joto.

Sasa fundi anayekaza skrubu ya pampu kwa bisibisi chini ya mwembe atajuaje amefika wapi? Anasikiliza. Na hapa lazima haki itendeke: mafundi wa aina hiyo wapo, na masikio yao ni mali. Anaijua injini inayogonga kabla boneti halijafunguliwa. Ila hata kocha mwenye jicho kali kuliko wote bado anataka takwimu za mechi, kwa sababu jicho linampenda mchezaji wake. Sikio la fundi nalo linaipenda kazi yake.

Dawa ya ubishi huo ipo. Ni mashine ambayo mafundi wanaiita dayno, kifupi cha dainamomita. Gari linapandishwa, magurudumu yanayosukuma yanakaa juu ya rola nzito, linafungwa mikanda lisiruke, na feni kubwa inapuliza rejeta. Gia ya nne inaingia, mafuta yanakanyagwa hadi mwisho. Rola zinapima toki, yaani ile nguvu ya kuzungusha, pamoja na mizunguko ya injini kwa dakika. Zidisha hizo mbili, gawanya kwa 9,549, umepata kilowati. Kila kilowati moja ni sawa na farasi 1.34. Ubishi kwisha.

Mfano uko barabarani kila siku. Land Cruiser pikapu yenye injini ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, bila tabo, kiwandani ilitajwa kuwa na kilowati 96 kwenye mizunguko 3,800, ambazo ni kama farasi 129. Lakini toki yake kubwa, takriban 285, inakuja mapema kwenye mizunguko 2,200. Piga hesabu hapo: ni kilowati 66 hivi, yaani farasi 88. Gari linalopanda mlima na mananasi linaishi kwenye hao farasi 88. Wale 129 wanakuja kutalii tu injini ikipiga kelele.

Ndiyo maana namba moja kubwa inaweza kumdanganya mwenye gari. Mkulima anayeambiwa pikapu yake imeongezwa farasi 40 anatakiwa aulize wameongezwa kwenye mizunguko ipi. Kama wako juu kabisa, amenunua winga wakati timu yake ilikosa beki wa kati. Dayno haitoi namba moja. Inachora mstari mzima, kuanzia chini hadi juu, na mstari huo ndio unaosema kama gari limetengenezwa kwa ajili ya mashindano au kwa ajili ya mzigo.

Hiyo 1HZ ina somo lingine pia. Haikutoka kiwandani na tabo, lakini Afrika nzima mafundi wanaifunga. Tabo inaingiza hewa zaidi, fundi anaongeza dizeli, na gari kweli linaruka. Shida ni kwamba mgandamizo wa injini hiyo tayari uko juu sana, zaidi ya 22 kwa 1. Ukimwaga mafuta bila geji ya joto la ekzosi, ni sawa na kumchezesha kiungo mwenye maumivu ya nyonga kwa sindano. Dakika 60 anang'ara, msimu mzima umekwisha.

Wenye mchezo wao hawafanyi hivyo. Kwenye dayno kitu kinabadilishwa kimoja kimoja: leo mafuta, kesho presha ya tabo. Gari linavutwa mara tatu, likipoa katikati, ili bahati isihesabiwe kuwa nguvu. Joto na mgandamizo wa hewa vinaandikwa. Na namba ya mashine moja hailinganishwi na ya mashine nyingine. Kinachoangaliwa ni kabla na baada, gari lilelile, rola zilezile.

Hali ya hewa nayo ni sawa na mechi ya ugenini. Yanga wanaijua ladha yake. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 waliichapa USM Alger kwao 1-0, jumla ikawa 2-2, lakini kombe likabaki Algeria kwa mabao ya ugenini. Injini iliyosetiwa pwani, karibu na usawa wa bahari, ikipelekwa Naivasha, karibu mita 1,900 juu, inakuta hewa imepungua kwa kama sehemu moja ya tano. Bila tabo, nguvu inapungua karibu kwa kiasi hichohicho. Kama pampu ya dizeli imeachwa ileile, moshi unakuwa kama wa tanuri la mkaa. Fundi asiyepima atalaumu nozeli. Aliyepima alishajua kabla ya safari.

Na haya sio mambo ya Ulaya tu. Mwaka 1966 na 1967 Safari Rally, wakati huo ikiitwa East African Safari, ilibebwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell pembeni yake. Gari lao lilikuwa Peugeot 404 ya injection, ambayo mafuta hayakupita kwenye kabureta bali yalipimwa na pampu na kupelekwa kwenye kila silinda. Zaidi ya nusu karne iliyopita ushindi huo ulikuja na gari linalopimiwa mafuta yake, sio linalomwagiwa.

Safari hiyohiyo inafundisha kwamba nguvu bila uvumilivu haina kombe. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Miaka yote miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Kulikuwa na magari yenye kasi zaidi, yaliishia kwenye matope.

Kwa wanaodhani pikapu sio gari la michezo, Dakar imeshawajibu. Mwaka 2019 Nasser Al-Attiyah wa Qatar aliibuka bingwa na Toyota Hilux iliyojengwa Afrika Kusini. Na injini ya gari lile ilifungwa kizuizi cha hewa kwa amri ya kanuni, ili nguvu isizidi. Waliomshinda mwenzao hawakushinda kwa kumwaga mafuta. Walishinda kwa kuitumia vizuri kila pumzi ya hewa waliyoruhusiwa.

Kuna watakaosema mashine hiyo ni ghali na Miono ni mbali. Ni kweli, hakuna anayetarajia dayno ifungwe kando ya shamba la mananasi. Lakini utamaduni wa kupima haujaanza leo. Fundi pampu makini haifungi pampu ya dizeli kwa kubahatisha. Anaipeleka kwenye benchi la kupimia, anahesabu kila bomba linatoa mafuta kiasi gani. Ajabu ni kwamba pampu inapimwa, kisha inafungwa kwenye gari ambalo halipimwi kabisa. Na nchi yenyewe inapima: EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu wachakachuaji walikuwa wanachanganya mafuta ya taa na dizeli. Kama lita moja ya dizeli ina ushahidi wake, vipi injini inayoinywa?

Kwa hiyo kazi igawanywe. Wasimamizi wa mbio za magari, wakiwemo AAT, wawe na siku ya dayno kabla ya mashindano, matokeo yabandikwe ubaoni kama kikosi cha kwanza, ili madereva washindane na barabara badala ya kushindana kwa maneno. VETA wawafundishe vijana kusoma mstari wa toki kama wanavyofundishwa kusoma rula. Na mashine moja inayochangiwa na gereji kadhaa za pwani, watu wakilipa kwa kila gari, ni jambo linalowezekana kuliko kila gereji kusubiri yake.

Wakati hilo likisubiriwa, mwenye pikapu ana mambo matatu ya kufanya. Afunge geji ya joto la ekzosi kabla ya kuruhusu skrubu iguswe. Achague mlima mmoja, mzigo uleule, ashike saa kabla na baada ya kazi ya fundi. Na fundi aandike alichobadilisha, mizunguko mingapi ya skrubu, tarehe gani, ili kikishindikana kirudishwe.

Mchezaji anayebebwa na sifa za kijiweni anajulikana dakika ya 70, pumzi ikikata. Pikapu ya sifa nayo ina dakika yake ya 70. Kwa bahati mbaya inafika mlimani, tani moja ya mananasi mgongoni, soko linafunga, na kinachotoka nyuma sio farasi. Ni ada ya shule ya watoto wa mtu ikipaa angani.